Maswali na Majibu: Dizeli iliwezaje kushinda Le Mans?

SWALI: Mhandisi, shikamoo. Mimi ni fundi wa malori. Dizeli ninayoijua ni ya kuvuta mzigo mlimani: nzito, na haizunguki kwa kasi. Nasikia Audi walishinda mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, kwa gari la dizeli. Iliwezekanaje? Au sheria ziliwabeba?

JIBU: Marahaba, fundi. Gari unalolisikia ni Audi R10 TDI, na tabia ya dizeli uliyoitaja haikubadilishwa. Ilitumiwa ilivyo.

Injini yake ilikuwa ya lita 5.5, silinda 12 za mpangilio wa V na turbo mbili, na bloku yake ilikuwa ya aluminiamu. Haikuzidi sana mizunguko 5,000 kwa dakika, lakini nguvu yake ya kuvuta ilipita Nm (nyutoni-mita) 1,100. Fanya hesabu mwenyewe: zidisha 1,100 kwa mizunguko 4,200, kisha gawanya kwa 7,000, namba ya kukadiria inayogeuza jibu kuwa nguvu za farasi. Unapata nguvu za farasi 660. Audi wenyewe walitaja zaidi ya 650. Injini ya petroli hufika huko kwa kuzunguka haraka zaidi. Hii ilifika kwa kusukuma pistoni kwa nguvu kubwa kila mara dizeli ilipowaka.

Nguvu hiyo ilikuwa na gharama yake. Mbano na mlipuko wa dizeli vinadai vyuma vinene, kwa hiyo injini ilipita kilo 200, nzito kuliko ile ya petroli ya R8, gari la mbio la Audi lililotangulia. Wahandisi walirefusha umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ili injini hiyo ndefu ienee. Giaboksi nayo ilibidi ijengwe upya kubeba msukumo huo, na ikawekewa gia tano tu, maana injini inayovuta hivyo haihitaji gia nyingi. Mimi naona giaboksi hiyo ilistahili sifa sawa na injini, ingawa watu huisahau.

Gari lilianza kwa kushinda saa 12 za Sebring, Marekani, Machi 2006. Juni mwaka huo madereva Biela, Pirro na Werner walishinda Le Mans kwa raundi 380, na hilo likawa gari la kwanza la dizeli kushinda mbio hizo. R10 ya pili ilipoteza muda ikibadilishiwa nozeli zinazopuliza mafuta kwenye silinda, ugonjwa unaoujua vizuri, lakini bado ikamaliza ya tatu.

Sasa sheria. Hapo una hoja. Turbo ya petroli iliruhusiwa lita 4.0 tu, dizeli 5.5. Tena mwaka 2006 matangi yote yalikuwa ya lita 90, wakati lita ya dizeli ina nishati zaidi ya lita ya petroli kwa asilimia 10 hivi. Gari linalokwenda mbali kwa tangi moja husimama mara chache kujaza, na ndani ya saa 24 hilo linahesabika. Waandaaji waliliona, wakapunguza tangi la dizeli hadi lita 81 mwaka 2007. R10 ikashinda tena, ingawa mbili kati ya tatu zilipata ajali na kutoka.

Mwaka 2008 ndio unaonishawishi. Peugeot walikuwa na 908, nayo dizeli, ya lita 5.5 kama R10, na katika mbio za kupanga nafasi ilikuwa na kasi zaidi kwa sekunde kama tano kwa raundi. Mvua iliponyesha usiku, madereva wa Audi Capello, Kristensen na McNish waliziba pengo na kwenda mbele, na Audi ikashinda kwa raundi 381, Peugeot ikiwa ya pili katika raundi hiyo hiyo. Mpinzani alikuwa na mafuta yale yale, ukubwa ule ule wa injini na tangi lile lile, kwa hiyo ushindi huo siwezi kusema sheria ziliubeba.