Hita ya tangi au shawa ya umeme: ipi inamaliza LUKU?

Mwezi wa sita ukiingia, Mwanza nzima inaanza kuulizana habari za maji ya moto. Mchana jua ni lile lile, lakini alfajiri kuna kibaridi, na maji yaliyolala kwenye simtanki ukijimwagia unaruka. Ndipo unaanza kusikia: nifunge hita ya tangi au hizi shawa zinazopasha hapo hapo? Zote mbili nimekaa nazo. Ya tangi tuliikuta kwenye nyumba tuliyopanga Isamilo, shawa ninayo hapa Buhongwa, na LUKU nanunua mwenyewe. Kwa hiyo ninachosema hapa hakitoki kwenye karatasi ya dukani.

Kwanza tuondoe maneno ya wauzaji. Kati ya hizi mbili hakuna hita inayopasha maji "kwa umeme kidogo" kuliko nyingine. Uniti moja ya umeme (ndiyo kWh 1) inapandisha joto la lita 86 kwa nyuzi 10, basi, iwe ndani ya tangi la Kichina au shawa ya Brazili. Mpwa wangu anayeishi Birmingham alinipigia akilalamika kuhusu baridi ya kwao, naye anabishana na wenzake kwa hoja hii hii. Huko kuna hita za kupasha chumba ambazo ndani zina matofali. Zinachajiwa usiku, mchana zinatoa joto polepole. Nyingine ni radieta za kawaida, unawasha unapohitaji. Joto la uniti moja ni lile lile kwenye zote mbili. Ile ya matofali inaokoa pesa kwa sababu Uingereza ipo tarifa ambayo umeme wa usiku ni wa bei ya chini kwa saa kama saba. Ondoa bei hiyo ya usiku, matofali hayana faida.

Sasa LUKU yetu haijui usiku wala mchana. Saa nane usiku na saa nane mchana, uniti ni bei moja. Kwa hiyo kuhifadhi maji ya moto kwenye tangi usiku kucha hakukupi punguzo lolote, kunakupa hasara tu ya joto linalotoka taratibu kwenye bati. Hapo ndipo tangi linapoanza kushindwa, ila si kwa kiasi ambacho watu wanadhani.

Tupige hesabu. Chukulia maji ya asubuhi yana nyuzi 22, na wewe unataka kuoga kwa 38. Ni kupandisha nyuzi 16. Shawa ya wati 5,400 inakutolea karibu lita tano kwa dakika za joto hilo. Ukioga dakika nane umetumia kama lita 39 na uniti 0.72. Kwa mwenye tarifa ya T1, daraja la wanaozoea kuvuka uniti 75 kwa mwezi, ambayo ni shilingi 292 kwa uniti kabla ya makato, ukiweka VAT, tozo ya REA (umeme vijijini) na ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) uniti inafika kama shilingi 356. Ndiyo maana ukinunua umeme wa elfu moja unapata uniti 2.8. Kuoga kule kumekula shilingi 256. Familia ya watu wanne, kila mmoja mara moja kwa siku, ni uniti 86 kwa mwezi, kama shilingi 31,000.

Tangi la lita 50 lingepasha maji hayo hayo kwa uniti hizo hizo. Tofauti ni kwamba likiachwa limewashwa saa 24, linapoteza karibu uniti moja kila siku kwa kusimama tu, kidogo kupungua au kuzidi kutegemea unene wa povu lililo ndani ya ganda lake. Uniti 30 kwa mwezi, zaidi ya elfu kumi, na hakuna aliyeoga. Lakini tangi hilo hilo ukiliwasha saa kumi na moja alfajiri na kulizima mkishamaliza kuoga, hasara inashuka hadi haikupi mawazo. La lita 50 lenye wati 1,500 linahitaji saa moja na nusu kufika nyuzi 60 kutoka 22. Kwa hiyo suala la tangi ni nidhamu ya swichi. Nyumba ambayo kila mtu anawasha na hakuna anayezima, tangi litawamalizia uniti. Isamilo tulibandika karatasi juu ya swichi. Ilifanya kazi mpaka wageni walipokuja.

Ukitaka kuliona kwa macho yako, nenda kwenye mita yenyewe na utafute taa nyekundu inayopepesa. Pembeni yake pameandikwa namba pamoja na imp/kWh, kwa mfano 1000. Maana yake taa ikipepesa mara 1,000, uniti moja imekwenda. Zima kila kitu, friji pia, kisha washa tangi peke yake: mita ya 1000 itapepesa mara 25 kwa dakika. Zima tangi, fungua shawa: mara 90. Watoto wangu waliupenda huu mchezo, na tangu hapo wanaoga haraka bila kuambiwa. Upande wa tangi, subiri maji yafike moto na hita ijikate yenyewe, soma uniti zilizobaki, muende kulala bila mtu kugusa bomba, friji ikiwa imezimwa kama huna vitu vya kuharibika. Asubuhi soma tena. Kilichopungua ndicho tangi lako linachokula likiwa limekaa kimya.

Nije kwenye jambo ambalo fundi hakwambii na muuzaji hana haja nalo: daraja la bei. Wateja wadogo wa majumbani wako kwenye D1. Humo uniti 75 za kwanza za mwezi ni shilingi 100 kila moja kabla ya makato, kama 122 ukijumlisha yote. Ukivuka 75, kila uniti ya ziada ni shilingi 350, ambayo ikishakatwa inafika kama 427. Na ukizoea kuvuka, unahamishiwa T1.

Nyumba yenye taa, televisheni, friji ndogo na pasi inaweza kukaa kwenye uniti 60 kwa mwezi. Hiyo ni kama shilingi 7,300. Sasa ongeza shawa ya watu wanne, uniti 86. Jumla ni 146. Mwezi huo ukiwa bado D1 utalipa karibu 39,500. Ukishahamishiwa T1, ni 52,000. Angalia kilichotokea: shawa yenyewe kwa mtu aliyekuwa T1 tangu zamani ni elfu 31, lakini kwako wewe imekugharimu karibu elfu 45, kwa sababu taa na friji nazo zimepandishwa bei. Watu wanaona hivyo wanalaani shawa, wanaibadilisha wanafunga tangi, na bili haishuki hata kidogo.

Mtu wa D1 anayetaka maji ya moto na hataki kutoka D1, mimi namwambia anunue jagi la umeme. Ndoo ya lita 15 ya kuogea inahitaji lita tatu na kidogo za maji yaliyochemka, yaani majagi mawili yasiyojaa sana, mengine ni ya bomba. Inakula uniti 0.28, kwa D1 ni shilingi 34. Kama una uniti 15 zimebaki kabla ya kugusa 75, hizo ni ndoo 53 kwa mwezi. Mama na mtoto mchanga wanatosheka, na mzee wa nyumba anapata ya kwake siku za baridi. (Huku kwetu maji yanachemka kwenye nyuzi kama 96, si 100, kwa sababu ziwa lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kwenye ndoo hutaona tofauti.) Vile vyuma vya kuchovya ndoani sivitaki nyumbani kwangu. Uniti vinakula sawa na jagi, lakini mtoto akitia mkono kwenye maji chuma kikiwa na hitilafu, ni msiba.

Mnaoishi nyumba ya vyumba vingi na LUKU moja, jambo hili ni zito zaidi. Wapangaji wanne wakichangia mita moja, mara nyingi wako T1 tayari, na hita ya mmoja inaonekana kwenye mfuko wa wote. Nimeshuhudia Mabatini kikao cha wapangaji kilichoanza na salamu nzuri na kuishia kwa mtu kutishia kung'oa waya. Mwenye hita aliapa anaoga dakika tano. Mwenye chumba cha mbele akauliza mbona choo kinatoa mvuke robo saa. Sabmita ndogo kwa kila chumba ingemaliza ugomvi kwa bei ambayo hata nusu ya hita haifiki, na mama mwenye nyumba aliposikia hivyo akasema kila mtu ajinunulie. Ukipanga chumba na unataka hita, anza na sabmita, hita ifuate.

Umeme mdogo ni sababu nyingine ya kuchagua. Kuna mitaa ambayo jioni taa zinakuwa za njano. Shawa ya wati 5,400 iliyotengenezwa kwa volti 220, ikipata 170 inabaki na nguvu kama wati 3,200, na maji yanatoka vuguvugu tu. Haikuli zaidi, ila hupati ulichonunua. Tangi kwenye umeme huo linachelewa tu, mwishowe maji yanafika. Umeme ukikatika saa moja kabla hujaoga, tangi bado lina maji ya moto, shawa haina lolote. Na shawa nyingi zinahitaji msukumo wa maji ndipo ziwake. Nyumba za milimani ambazo simtanki imekaa juu ya jiwe lililo sawa na dirisha la bafu, shawa inaweza kugoma kabisa mpaka simtanki ipandishwe au ufunge pampu. Hivyo wa Bugando juu na Bwiru wapime hili kabla ya kulipa.

Kuhusu waya sitasema mengi. Shawa ya wati 5,400 inavuta ampea kama 24. Haitakiwi kuunganishwa kwenye waya wa soketi. Inataka laini yake yenyewe kutoka kwenye meni swichi, waya wa milimita za mraba 4 au 6 kulingana na umbali, breka yake, na waya wa kwenda ardhini uliofungwa kweli, si ule wa kuzungushwa kwenye bomba. Gharama hiyo ingiza kwenye bei ya shawa. Tangi la wati 1,500 linavuta ampea saba, nyumba nyingi zinalibeba bila kuchimba ukuta.

Kuna wanaosema waachane na umeme, watumie gesi. Kilo moja ya gesi ina joto la karibu uniti 12.8, lakini sufuria juu ya jiko inapata kama nusu, nyingine inapasha jiko na hewa ya jikoni. Kwa hiyo gawanya bei ya kilo moja kwa 6.5 ndipo ulinganishe na uniti yako. Kilo ikiwa shilingi 4,000, hiyo ni kama 615. T1 ni 356. Gesi ya kupikia ni nzuri kwa kupikia. Mkaa nao ukinunuliwa kwa ajili ya maji ya kuoga tu hauna nafuu, isipokuwa ule ambao umeshapikia maharage na bado una makaa mekundu. Hapo bandika sufuria kubwa, maji hayo ni ya bure. Bibi zetu wa Usukumani hawakuhitaji mtu kuwafundisha hilo.

Jambo lililoshusha bili yangu kuliko kuchagua mashine ni saa ya kuoga. Simtanki nyeusi iliyopigwa jua la Mwanza mchana kutwa, saa kumi na mbili jioni maji yake yanaweza kuwa nyuzi 28. Kufika 38 unahitaji nyuzi 10 badala ya 16, yaani zaidi ya theluthi ya umeme imeokoka na hujanunua kitu. Watoto wa shule sasa wanaoga jioni, asubuhi ni uso, miguu na mswaki. Wengine jioni hawawashi kabisa.

Na tangi linapata maana yake halisi likiunganishwa na jua. Sola ya maji yenye mirija ya kioo inapasha mchana na kuhifadhi, na hapo kuhifadhi kuna faida, kwa sababu jua la saa sita halidai makato. Kwa nyumba ya kulala wageni pale Nyegezi, au familia kubwa iliyo T1, ningeenda huko moja kwa moja. Maji yetu ya ziwa ni laini, hayaachi magamba mengi kama maji ya visima, kwa hiyo mirija na koili vinadumu. Wenye kisima waangalie ndani ya jagi lao: likiwa na ukoko mweupe, koili ya hita nayo itafanya hivyo hivyo, na waweke akiba ya kuisafisha.

Familia ndogo, T1, umeme imara, maji yana msukumo: shawa. Umeme unayumba au mnaoga wote kwa mkupuo alfajiri: tangi la lita 30 au 50, lenye swichi ya saa ya kujizima kama unaweza kuipata. Uko D1: jagi, na risiti ya LUKU uiangalie kabla hujaenda dukani.