Paka ananyonyoka manyoya: maswali yenu

Shikamoo daktari. Paka wangu amenyonyoka manyoya mgongoni, karibu na mkia. Nimemkagua sana, sijaona kiroboto hata mmoja. (Nkuhungu)

Marahaba. Bado nashuku viroboto. Paka hujilamba kutwa na huwameza kabla hujawaona, na mwenye mzio wa mate yao akiumwa mara chache tu hujilamba mpaka anabaki kipara. Mchane juu ya mkia kwa kitana cha chawa, kisha weka vile vidoti vyeusi kwenye tishu nyeupe yenye maji. Vikitoa rangi nyekundu, ni kinyesi cha kiroboto, yaani damu ya paka wako. Watibu wanyama wote wa nyumbani, fua matandiko yao kwa maji moto, na ufagie hadi kwenye nyufa za sakafu. Mayai hudondoka humo, na viroboto wachanga huweza kusubiri miezi ndani ya vifuko vyao.

Nimebakiwa na dawa ya kuogeshea ng'ombe. Nikiizimua kwa maji si itafaa? (Bahi)

Hapana. Nakuomba sana, hapana. Nyingi ya dawa hizo zina saipamethrini au amitrazi. Ini la paka hushindwa kuivunja saipamethrini upesi, na pamethrini iliyomo katika baadhi ya dawa za viroboto vya mbwa ni hivyo hivyo: paka hutokwa udenda, hutetemeka, hushikwa na degedege, na wengine hufa. Amitrazi nayo si salama kwake. Wala usimpake mafuta ya taa. Yanaunguza ngozi, naye atayalamba. Kama ulishampaka, muoshe sasa hivi kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, umkimbize kwa daktari wa mifugo. Ukienda kununua dawa, sema ni ya paka na utaje uzito wake.

Kitoto cha paka kina vipara vya duara, na mjukuu wangu ameota mapunye. Yanahusiana? (Kondoa)

Yawezekana kabisa. Fangasi huyu huhama kati ya paka na watu, hasa watoto. Mpeleke mjukuu zahanati na paka kwa daktari wa mifugo kwa wakati mmoja, la sivyo wataendelea kuambukizana. Tafadhali usimtupe porini. Vijidudu vyake vimeshabaki kwenye manyoya yaliyodondoka ndani, navyo huweza kuishi zaidi ya mwaka. Mtenge chumba kimoja na ufagie kila siku hadi apone.

Mbele ya masikio manyoya ni machache. (Kongwa)

Kama hapana wekundu, magamba wala kujikuna, ndivyo paka walivyo.

Tangu tuhamie Ihumwa paka wetu dume amejilamba tumbo lote likabaki wazi. Ngozi ni safi. Ni mawazo? (Ihumwa)

Kuhama kunamsumbua paka kweli, lakini mawazo tunayafikia baada ya kuondoa viroboto, mzio wa chakula na maumivu ya kibofu, kwani kibofu kikiuma hulamba palepale juu yake. Mtazame anavyokojoa. Akichuchumaa mara kwa mara bila mkojo kutoka, usingoje kesho: njia imeziba, na dume wa namna hiyo anahitaji daktari saa hiyo hiyo.