Usipime hesabu za kwanta, pima mfumo wako

Siku hizi kila kikao cha kamati ya sacco kina mtu aliyeona video ya WhatsApp inayosema kompyuta za kwanta, mashine zinazokokotoa kwa kanuni za fizikia ya chembe ndogo, zitafungua kila siri. Kama wewe ndiye fundi wa mifumo, macho yote yanakugeukia. Mimi ndiye fundi huyo, hapa Nairobi, na ushauri wangu ni kwamba hesabu zenyewe uwaachie wanaoziweza.

Mwanahisabati Peter Shor alionyesha mwaka 1994 kwamba kompyuta ya kwanta yenye nguvu ya kutosha itaivunja RSA, mbinu ya kufunga siri inayotumika sana mtandaoni. Njia mbadala zinazopendekezwa hupigwa vita hadharani, na nyingine huanguka vibaya. Mwaka 2022 mtafiti Ward Beullens aliivunja Rainbow, moja ya mbadala hizo, kwa wikendi moja na kompyuta ya mkononi. Kabla mwaka haujaisha, watafiti Castryck na Decru wakaiangusha nyingine, SIKE, kwa takriban saa moja, tena bila kwanta yoyote. Basi akija muuzaji na usimbaji wake wa siri "usiovunjika", msindikize hadi kwenye lifti. Tumia vilivyopita kwenye tanuri hilo: ML-KEM ya kubadilishana funguo za siri, na ML-DSA na SLH-DSA za saini za kidijitali, viwango ambavyo NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ilivitoa Agosti 2024.

Kazi yako inaanza na umri wa data. Anayenasa mawasiliano yako leo anaweza kuyahifadhi hadi atakapopata mashine ya kuyafungua. Namba ya siri inayokufa baada ya dakika chache hainikoseshi usingizi. Nakala za vitambulisho na fomu za mikopo ndizo zinazonikosesha, maana mwanachama habadilishi tarehe ya kuzaliwa. Chelezo, yaani nakala za akiba, zilizofungwa kwa AES-256 (usimbaji wa ufunguo mmoja wa kufunga na kufungua) ziache zilivyo. Kwanta inaipunguza nguvu, lakini inayobaki inatosha.

Kisha angalia ulicho nacho tayari. OpenSSH, programu ya kuingia kwenye seva kwa mbali, tangu toleo 9.0 hutumia ufunguo mseto (mbinu ya zamani na mpya kwa pamoja) bila kuombwa, na toleo 10.0 linatumia mlkem768x25519-sha256. Andika ssh -v, usome mistari yenye neno kex, yaani kubadilishana funguo. Huo mseto usiuondoe hata ukiambiwa ni mzigo: ML-KEM ikigundulika ina tundu, X25519, ile mbinu ya zamani, bado imesimama.

Kwenye tovuti na programu za simu ndipo penye jasho. OpenSSL 3.5, maktaba ya usimbaji inayotumiwa na seva nyingi, inayo ML-KEM, kwa hiyo kuiwasha si shida. Shida ni ukubwa. Ufunguo wa X25519 ni baiti 32. Wa ML-KEM-768 ni baiti 1,184. Salamu ya kwanza ya TLS (itifaki inayolinda mawasiliano ya tovuti), ambayo zamani ilienea kwenye pakiti moja, sasa mara nyingi inagawanyika mbili, na kuna faiwoli (vizuizi vya ulinzi wa mtandao) kongwe zisizojua kwamba hilo linaruhusiwa. Chrome ilipowasha mseto kwa wote mwaka 2024, ndipo wengi walipogundua vifaa vya aina hiyo kwenye mitandao yao. Nilipopima kutoka ofisini Upper Hill, kwenye faiba, kila kitu kilipita. Kutoka tawi letu moja muunganisho ulining'inia tu, bila ujumbe wowote wa kosa. Kwa hiyo toka ofisini. Pima kwa simu ya bei nafuu ukiwa katikati ya Gikomba, pima kwa kompyuta ya karani wa tawi, pima mtandao ukiwa unadondosha pakiti. Kasi ya prosesa usijisumbue nayo, ML-KEM ni nyepesi.

Saini za kidijitali, zinazothibitisha unayezungumza naye, mimi ningezisubirisha kidogo. Ya ML-DSA-65 ni baiti 3,309 dhidi ya 64 za ECDSA, mbinu ya zamani, na huwezi kurudi nyuma ukaghushi saini ya muunganisho uliokwisha jana. Dharura iko kwenye kubadilishana funguo.

Kuna sehemu usizoweza kuzipima kwa sababu si zako, hasa mfumo mkuu wa akaunti. Huko dai kwa maandishi, mkataba unapohuishwa: mtaingiza ML-KEM lini, na tutaijaribu wapi kabla haijawafikia wanachama? Aliyetuuzia wetu alijibu kwa brosha ya rangi. Nimemrudishia swali.