Usiku wa Kwanza wa Mtoto wa Farasi wa Mbio

Wanaonijia kutaka ushauri huanza karibu wote kwa kuniuliza habari za dume: ameshinda mara ngapi pale uwanja wa mbio wa Ngong, watoto wake wanakimbia masafa gani, na ukoo wake unatokea wapi. Siwalaumu, kwa sababu farasi wa mbio wa damu safi hutambulika kwa nasaba kuliko mnyama mwingine yeyote ninayemfahamu. Madume wote wa aina hii, kwa upande wa baba, hurudi kwa mababu watatu walioingizwa Uingereza yapata karne tatu zilizopita, yaani Byerley Turk, Darley Arabian na Godolphin Arabian, na daftari lao la ukoo lililoanza kuchapwa mwaka 1791 halimsajili mtoto aliyepatikana kwa uhimilishaji hata leo. Dume sharti ampande jike mwenyewe, ndiyo maana gharama ya kupandisha ni kubwa na mwenye mali huwa amekwisha kutumia fedha nyingi kabla hajaona ukwato.

Hata hivyo, kwa miaka yote niliyofanya kazi ya usaisi, yaani utunzaji wa farasi, huku Bonde la Ufa, hasara kubwa niliyoishuhudia haikutokana na uchaguzi mbaya wa dume. Ilitokana na dang'a, maziwa ya kwanza ya mama, ambayo hayanunuliwi.

Mtoto wa binadamu hupokea sehemu ya kinga ya mama yake angali tumboni. Mtoto wa farasi hapokei, kwa kuwa kondo la nyuma la farasi halipitishi kingamwili, yaani chembe za damu zinazopigana na vijidudu, hivyo huzaliwa bila ulinzi wowote wa maana dhidi ya vijidudu vya banda analoangukia. Kinga yake yote ya mwanzo imo ndani ya dang'a, nzito, ya manjano, inayonata vidoleni kama asali, na utumbo wake huweza kuipitisha hadi kwenye damu kwa saa chache tu. Saa sita za kwanza ndizo bora, baada ya saa kumi na mbili uwezo huo huwa umepungua sana, na ikitimia siku moja mlango umefungwa.

Nililijua hilo kwa maneno kabla sijalijua kwa uchungu. Tulikuwa na jike mwekundu, mzazi mzuri, aliyeanza kutona maziwa siku nne kabla ya kuzaa. Nilimwona kila asubuhi akiwa na michirizi myeupe iliyokauka ndani ya mapaja, nikafurahi kwamba ana maziwa mengi. Mtoto alizaliwa salama, akasimama, akanyonya kwa pupa, nasi tukaenda kulala. Siku ya tatu goti lake la nyuma lilikuwa limevimba na lina joto, na siku ya tano hakuweza kuinuka. Alikuwa amenyonya maziwa ya kawaida. Dang'a ilikuwa imekwisha kumwagika majanini siku zile nne nilipokuwa nikifurahi.

Kwa hiyo, ukiona jike anatona kabla ya wakati, usisubiri. Mwite daktari wa mifugo, na uwe tayari na dang'a ya jike mwingine. Sisi siku hizi hukamua kiasi cha mililita 250 kutoka kwa kila jike mwenye dang'a nzuri, baada ya mtoto wake mwenyewe kushiba, tukaigandisha kwenye friza katika chupa zilizoandikwa jina la jike na tarehe. Inapohitajika huyeyushwa ndani ya maji ya vuguvugu, kamwe si kwa moto, kwa sababu joto kali huharibu kingamwili. Mtoto anahitaji angalau lita moja, kidogo kidogo. Kisha, hata kama kila kitu kinaonekana sawa, daktari apime damu ya mtoto ndani ya siku ya kwanza. Kingamwili zikiwa chini ya gramu 8 kwa lita, bado inawezekana kumwongezea plazma, yaani majimaji ya damu yenye kingamwili, mishipani.

Maandalizi ya dang'a njema huanza mapema. Jike apewe chanjo zake, ya pepopunda ikiwa mojawapo, wiki nne hadi sita kabla ya kuzaa, na ahamie kwenye banda la kuzalia katika kipindi hichohicho, ili mwili wake utengeneze kinga dhidi ya vijidudu vya mahali pale hasa. Mimba huchukua takribani siku 340, lakini usiiamini kalenda peke yake. Tazama kiwele, tazama misuli ya shina la mkia inavyolegea, na tazama matone yaliyoganda kama nta kwenye ncha za chuchu, maana yakionekana hayo, huenda usiku huo au unaofuata usilale.

Karibu wote huzaa usiku. Maji yakishapasuka, mtoto hutakiwa kutoka ndani ya nusu saa hivi: miguu ya mbele kwanza, mmoja ukitangulia kidogo, pua ikilala juu ya magoti, vyote vimefunikwa na utando mweupe wenye rangi ya buluu kidogo. Ukiona badala yake kitu chekundu mfano wa mahameli, kondo limebanduka kabla ya wakati na mtoto hapati hewa. Lipasue papo hapo, umvute mtoto jike anaposukuma, na simu kwa daktari ipigwe na mtu mwingine. Mambo yakienda vizuri, kaa mbali. Mtoto asimame ndani ya saa moja, anyonye ndani ya saa mbili, na kondo litoke ndani ya saa tatu. Litandaze chini kwenye sakafu safi kama suruali, uhakikishe ncha za miguu yote miwili zimo, kwa maana kipande kidogo kikibaki tumboni huweza kumwua mama.

Baada ya hapo kosa kubwa ni haraka. Mtoto huzaliwa na kilo 50 hivi, na kwa miezi sita hukaribia nusu ya uzito wa mkubwa, hivyo mwenye mali humtamani azidi kunenepa. Hapa kwetu pumba za ngano ni rahisi kupatikana, na wengi huzijaza ndooni. Pumba zina fosforasi nyingi mno kuliko kalsiamu, na mifupa inayokua haraka juu ya lishe ya namna hiyo hutoa viungo vibovu. Mpe malisho, mpe lusani (alfalfa), mpe nafasi ya kukimbia na wenzake, nafaka iwe kwa kipimo. Fundi wa kwato amtazame kila mwezi tangu mwezi wa kwanza, akiwa anatembezwa kwenye ardhi tambarare, kwa sababu mguu uliopinda hunyooshwa mifupa ikiwa bado laini.

Jambo la mwisho ni usubi, wadudu wadogo sana wanaouma. Hao ndio waenezao ugonjwa wa farasi wa Afrika, hasa baada ya mvua, na pundamilia hubeba virusi vyake bila kuugua, kwa hiyo aliye karibu na ziwa kama Naivasha ana kazi kubwa kuliko aliye juu Molo. Kinga iliyotoka kwenye dang'a hupungua kadiri miezi inavyopita, na kwa kawaida huwa imekwisha karibu na wakati ule ule wa kuachishwa ziwa. Panga na daktari tarehe ya chanjo kabla hujamtenga mtoto na mama yake, na hata baada ya chanjo mwingize bandani kabla jua halijazama, madirisha yakiwa na wavu wa matundu madogo kabisa.