Bahari ikiganda, pengwini anakula wapi?

SWALI: Mhariri, nimeona picha ya pengwini wamejazana pembeni ya katundu kadogo kwenye barafu, sasa bahari ikiganda yote si watakufa njaa?

JIBU: Hawafi, ila kazi wanaipata. Pengwini anawinda chini lakini hewa iko juu, kwa hiyo barafu ikitanda anategemea nyufa, na akishazama lazima arudi palepale au apate ufa mwingine kabla pumzi haijakata. Pengwini wa aina ya Adélie inabidi watembee au wateleze kwa tumbo mpaka wafike kwenye maji, wanachoka bure. Msimu wa 2016/2017 barafu ya Lützow-Holm Bay, Antaktika, iliondoka, na watafiti wa Japani waliokuwa wamewafunga vifaa vya kuwafuatilia wakakuta wanaogelea moja kwa moja, mbizi fupi, krili (vidudu kama uduvi) wanapatikana kirahisi, makinda yakanenepa haraka.

Ila usishangilie barafu kuyeyuka! Wale pengwini wakubwa, aina ya kaizari, wanazama zaidi ya mita 500 lakini wanalelea watoto juu ya barafu hiyohiyo, na mwaka 2022 kwenye bahari ya Bellingshausen, hukohuko Antaktika, barafu ilivunjika mapema, makinda hayajaota manyoya ya kuzuia maji.