Gitaa la Pesa Kidogo Lenye Sauti Nzuri: Maswali na Majibu

Maswali ya safari hii yametoka Kakamega, Vihiga, Kisumu, Siaya na Nakuru, na karibu yote yanazunguka jambo moja: mtu ana pesa kidogo na anataka gitaa lisilo la umeme litakalotoa sauti ya kupendeza. Gitaa la namna hiyo linapatikana. Sharti ni mawili tu. Likaguliwe kwa mkono na sikio kabla ya kutazama jina lililoandikwa kichwani, na pesa zote zisiishie dukani.

Nina shilingi 8,000. Mwanangu yuko kidato cha pili, anataka kujifunza gitaa. Dukani kuna mapya ya bei hiyo, lakini naambiwa ni mapambo tu. Nisubiri nipate zaidi? (Mama, Kakamega)

Usisubiri, mama. Hamu ya kijana ni kitu cha kuwahi. Magitaa ya kati ya shilingi 6,000 na 10,000 mengi hutoka China, na ubora wake hutofautiana hata kati ya mawili ya rangi moja yaliyowekwa pamoja rafuni. Ndiyo maana sikutajii jina la kutafuta. Mwombe muuzaji akutolee matatu au manne, uyakague moja moja.

Tafuta la 6,500 hivi, ubaki na 1,500 ya nyuzi mpya na ya fundi. Nyuzi zinazokuja na magitaa ya bei hii huwa duni, na nyingine zimekaa stoo hadi zimeshika kutu. Nyuzi mpya pekee huweza kulifanya gitaa lile lile liwe na sauti safi ambayo hukuisikia ukiwa dukani.

Sasa ukaguzi. Kinachowafanya wanafunzi wengi waache gitaa mapema ni maumivu ya vidole, na maumivu hayo mara nyingi huletwa na nyuzi zilizokaa juu mno. Huhitaji kipimo cha fundi. Beba kadi nne za benki. Kila moja ina unene wa milimita 0.76. Hesabu vile vyuma vilivyopigwa shingoni, yaani freti, kuanzia kichwani hadi ufike ya 12, ambayo kwa kawaida huwa na nukta mbili. Hapo, ingiza kadi kati ya chuma cha freti na uzi wa sita, ule mnene kuliko zote. Kadi tatu zikiingia na ya nne ikaanza kuinua uzi, gitaa liko vizuri. Kadi nne zikiingia na nafasi ikabaki, mtoto atateseka. Kwa uzi wa kwanza, ule mwembamba, kadi mbili zinatosha.

Kisha mtu apige ule uzi wa sita ukiwa wazi, halafu aubane kwenye freti ya 12 na kuupiga tena. Lazima itoke sauti ile ile, juu zaidi kwa oktavu moja. Pakua programu ya kutuni kwenye simu: herufi inayoonyeshwa iwe moja mara zote mbili, na mshale usiende mbali na katikati. Rudia kwa uzi wa kwanza. Kama mshale unakimbia, yaani freti au daraja (kile kipande cha tumboni nyuzi zinapofungwa) limewekwa vibaya, rudisha gitaa hilo rafuni hata liwe linang'aa namna gani. Nyuzi kuukuu huweza kupotosha kipimo hiki kidogo, lakini si sana.

Halafu lishike gitaa, elekeza jicho moja kutoka kichwani kufuata ukingo wa shingo hadi tumboni. Shingo iwe karibu imenyooka, na mpindo mdogo sana wa kwenda mbele unakubalika. Ikiwa imejipinda upande mmoja, kama inayotaka kujisokota, hiyo haina dawa. Mwisho, zungusha vigingi vyote sita, vile vya kichwani vya kukazia nyuzi. Kinachoteleza au kurukaruka kitakusumbua kila siku.

Kama nyumbani hakuna anayepiga gitaa, nenda na mwalimu wa muziki wa shule au mpigaji wa kanisani kwenu. Nusu saa ya mtu anayejua ina faida kuliko kuongeza shilingi 2,000.

Ninafundisha kwaya. Je, ninunue gitaa la nyuzi za chuma au za nailoni? Tayari tuna moja la nailoni lenye sauti ndogo. Naweza kulifunga nyuzi za chuma ili lisikike? (Mwalimu, Luanda, Vihiga)

Mwalimu, tafadhali usifunge nyuzi za chuma kwenye gitaa la nailoni. Seti ya kawaida ya nailoni huvuta daraja kwa nguvu ya kilo 40 hivi. Seti ya chuma iitwayo nyepesi, ile ambayo uzi wake mwembamba una unene wa inchi 0.012, huvuta kilo zaidi ya 70. Gitaa la nailoni limejengwa kwa mbao nyembamba na viunzi vyepesi ndani, na aghalabu shingo yake haina fimbo ya chuma ya kuisaidia. Litavumilia siku chache au miezi michache, kisha daraja litabanduka au uso utafura.

Kuhusu la kununua: la kuongoza waimbaji 30 kwenye ukumbi, nyuzi za chuma. Sauti yake ni kali na inapenya. La nailoni lina sauti laini, linafaa kwa kuchuna na kwa vidole vya anayeanza, na shingo yake ni pana. Yamaha C40, kwa mfano, ina upana wa milimita 52 pale nyuzi zinapoanzia kichwani, ilhali F310 ya kampuni hiyo hiyo, ya nyuzi za chuma, ina 43. Mwenye mkono mdogo ataihisi tofauti hiyo mara moja.

Hilo la nailoni mlilo nalo libaki la kufundishia sauti kwenye chumba kidogo. Kazi hiyo linaiweza kabisa.

Kuna jamaa anauza Yamaha kuukuu Kibuye kwa 7,000. Nitajuaje kama ni dili au ni hasara? (Kijana wa Kondele, Kisumu)

Ndugu yangu, ningekuwa na 7,000 mfukoni ningeanza na kuukuu. Gitaa lililodumu miaka 10 bila kupinda limeshathibitisha mbao na gundi yake. F310 mpya hupita shilingi 15,000, hivyo kuipata iliyotumika kwa bei unayotaja ni jambo zuri, ikiwa ni nzima na ikiwa ni yenyewe kweli.

Jina kichwani si ushahidi. Chungulia ndani ya tundu. Mara nyingi kuna karatasi iliyobandikwa yenye jina la modeli. Linganisha na picha za modeli hiyo kwenye simu: umbo la kichwa, umbo la daraja, idadi ya nukta shingoni. Beba rula pia. F310 ina urefu wa uzi wa milimita 634, kwa hivyo kutoka kwenye kile kipande cheupe cha kichwani hadi freti ya 12 lazima upate 317, ambayo ni nusu yake. Ukipata 325, hiyo si F310, hata muuzaji aape.

Baada ya hapo tafuta majeraha. La kwanza ni daraja: jaribu kupitisha ncha ya karatasi nyuma yake, kati ya daraja na uso wa gitaa. Karatasi ikiingia, daraja limeanza kubanduka. La pili ni ufa mahali kichwa kinapoungana na shingo. Gitaa likianguka, hapo ndipo huvunjika, na ufa uliogundishwa hufichwa kwa rangi. Pitisha kucha polepole upande wa nyuma. La tatu, tazama uso kutoka ubavuni. Uvimbe mdogo nyuma ya daraja ni wa kawaida kwa sababu ya mvuto wa nyuzi, lakini ukiwa mkubwa na eneo la mbele ya daraja limezama, viunzi vya ndani vimeachia. Gonga uso na mgongo kwa kifundo cha kidole kila mahali ukisikiliza mtetemo au mlio wa kitu kilicholegea.

Freti zenye mashimo chini ya nyuzi si sababu ya kukimbia, ila ni sababu ya kuomba punguzo. Kigingi kimoja kibovu vilevile. Na nenda Jumapili mapema kabla soko halijajaa, maana katikati ya kelele za Kibuye hutasikia chochote. Anayekutaka utume pesa kwa M-Pesa kabla hujaligusa gitaa, achana naye.

Wauzaji husema gitaa hili ni la "mbao nzima" na lile ni plaiwudi. Kuna tofauti ya kweli, na inafaa pesa zaidi? (Msomaji, Nakuru)

Tofauti ipo na inasikika. Uso wa gitaa ndio unaotikisika na kuisukuma hewa. Uso wa ubao mmoja mwembamba wa sprusi au mwerezi hutikisika kwa uhuru kuliko tabaka tatu zilizogundishwa, na wapigaji wengi husema sauti yake huendelea kufunguka kadiri gitaa linavyopigwa. Kuujua, tazama ukingo wa lile tundu la mbele. Mistari ya mbao ikishuka moja kwa moja kutoka juu hadi ndani, ni ubao mmoja. Ukiona tabaka, ni plaiwudi. Gitaa likiitwa la mbao nzima mara nyingi ni uso peke yake. Mbavu na mgongo hubaki plaiwudi, na hilo si kosa.

Kwenye jamii ya Yamaha, F310 ni plaiwudi, na FG800, iliyotoka 2016, ina uso wa sprusi ya ubao mmoja. Bei yake hukaribia maradufu. Kama tayari unapiga na unajua hutaacha, jiwekee akiba uifikie. Kama unaanza, chukua ya plaiwudi bila kuona haya. Huko Nakuru kuna sababu nyingine pia. Mbao hupenda unyevu wa hewa wa asilimia 45 hadi 55, na ukavu wa Januari na Februari huweza kuupasua uso wa ubao mmoja usiotunzwa. Plaiwudi huvumilia. Ukinunua la ubao mmoja, miezi hiyo liweke ndani ya mfuko wake pamoja na kisahani cha sabuni kilichotobolewa, chenye kitambaa kibichi kilichokamuliwa vizuri.

Babu alikuwa akipiga omutibo. Nataka sauti ile ya zamani. Ninunue gitaa gani? (Msomaji, Khwisero)

Swali hili limenifurahisha kuliko yote. Omutibo, mtindo wa gitaa wa Waluhya, ulizaliwa huku kwetu kwa magitaa ya kawaida kabisa, na walioushikilia, kuanzia George Mukabi aliyefariki 1963 hadi Shem Tube na wenzake wa Abana ba Nasery kutoka Bunyore, hawakusubiri ala ya bei ghali. Sauti ile inatoka mkononi: kidole gumba kinashika besi bila kuchoka, cha shahada kinachuna wimbo juu yake, na pembeni mtu anakwaruza chupa ya Fanta yenye mikunjo.

Kwa hivyo unatafuta gitaa litakalotenganisha besi na uzi mwembamba, kila moja isikike yenyewe. Yale makubwa yenye tumbo pana hutoa besi nzito inayofunika, nayo ni mazuri kwa kuchapa nyuzi zote kwa pamoja. Wewe chukua lenye tumbo dogo na kiuno chembamba, nyuzi za chuma, na ufunge seti nyepesi zaidi inayoanzia 0.010 au 0.011. Mvuto hupungua na kidole cha shahada hupata wepesi. Dukani usichape nyuzi zote kwa nguvu kama wafanyavyo wengi. Chuna uzi mmoja mmoja, polepole, usikilize kila mmoja unadumu kwa muda gani kabla haujafifia. Gitaa ambalo uzi wa tatu unakufa haraka halitakufaa hata kama linapiga kelele kubwa.

Na kama babu bado yuko, mpeleke dukani. Kama hayupo na gitaa lake bado liko kwenye dari, lipeleke kwa fundi kabla hujanunua lolote.

Ninunue lenye kinasa sauti cha ndani, cha kuunganisha na spika, ili nitumie kanisani? (Siaya)

Kwa bajeti ya chini ya 12,000, hapana. Pesa za kile kifaa zimetolewa kwenye mbao. Weka maikrofoni ya kawaida mbele ya freti ya 12, umbali wa sentimita 20 hivi, usiielekeze moja kwa moja kwenye tundu.

Mtoto wangu ana miaka tisa. Gitaa la watu wazima litamfaa? (Nakuru)

Mchukulie la robo tatu, la nailoni. Akifika miaka 12 hivi atahamia kubwa.

Naishi nyumba ya mabati, mchana ni joto sana. Gitaa langu jipya linapoteza tuni kila siku. Ni bovu? (Nyalenda, Kisumu)

Huenda si bovu. Nyuzi mpya hujinyoosha kwa siku kadhaa za mwanzo. Zivute taratibu kwa vidole, utuni tena, urudie hadi zitulie. Kisha angalia zilivyofungwa kwenye vigingi: mizunguko miwili au mitatu iliyoshuka kwa mpangilio inatosha, iliyorundikana huteleza.

Joto nalo ni adui. Usilining'inize kwenye ukuta wa mabati wala kulilaza juu ya kabati karibu na paa, kwa maana gundi hulainika na daraja huanza kuachia. Liweke ndani ya mfuko, limesimama, kwenye ukuta wa ndani usiopigwa na jua. Ukisafiri, lisikae kwenye keria ya matatu, lipakate. Hewa ya ziwani ina unyevu, nao huharakisha kutu, hivyo kila ukimaliza kupiga futa nyuzi kwa kitambaa kikavu, juu na chini yake. Baada ya wiki mbili za kufanya hivyo likiwa bado linateleza, mpelekee fundi akague vigingi.