Saa ya kuonyesha njia Kariakoo: nilivyoitumia mimi

Mkuu, umeuliza kama saa janja itakufaa kutafuta njia kwa miguu Kariakoo, maana ukitoa simu unaogopa wa bodaboda atapita nayo. Mimi niliinunua kwa sababu hiyohiyo. Nasambaza mizigo kwa miguu: mikono yote imeshika mifuko, simu iko ndani, zipu imefungwa.

Mwanzoni nilikuwa natazama kioo cha saa. Nikagongana na mkokoteni. Utamu wa saa uko kwenye mtetemo, si kwenye kioo. Apple Watch ilipotoka mwaka 2015 ilikuwa inakugonga mkononi mara 12 mfululizo ukitakiwa kukata kulia, na mbilimbili mara tatu ukitakiwa kukata kushoto. Yangu ya bei poa inatetema vilevile pande zote, kwa hiyo bado naitazama. Wewe kabla hujalipa iwashe, tembea nayo nje ya duka huku umefunika kioo. Usipotofautisha kulia na kushoto, mwachie mwenyewe.

Halafu kuna maghorofa. Mawimbi ya setilaiti yanagonga kuta kabla hayajakufikia, saa inadhani uko mtaa wa jirani. Siku moja niko Mtaa wa Swahili, inanisisitiza nikate kushoto, na kushoto ni duka la vitenge. Nimesimama mlangoni na mzigo wangu, mama mwenye duka akaniuliza, "Mwanangu, unaingia au unaniziba?" Nikamtajia jina la ninayemtafuta. "Aa, jengo linalofuata, panda mpaka ghorofa ya pili, uliza kwa Mpemba." Hiyo ghorofa ya pili kwa Mpemba haimo kwenye ramani yoyote.

Kitu ninachokitamani ni ule mkanda wa watafiti wa Osnabrück, Ujerumani, feelSpace. Una vimota kuzunguka kiuno, na kile kilicho upande wa kaskazini ndicho kinachotetema. Haukwambii kata wapi, ila hupotezi uelekeo. Kwa mitaa ya Kariakoo iliyonyooka, ukishajua Msimbazi iko upande gani, mengine unauliza. Ndiyo maana siku hizi natumia dira ya saa kuliko ramani, ila usiisome ukiwa umeegemea geti la chuma, itakudanganya.

Chaji nayo: nikiacha ramani imewaka tangu asubuhi, saa nane mchana imezima. Naiwasha ikibaki mitaa miwili mitatu tu.